Panya tisa na dakika mbili: tuiangalie vizuri ile nanosponji ya San Diego

Kuna hii namba ya 89% ambayo kila anayeongelea nanosponji, vile vichembe vidogo mno vilivyovalishwa utando wa seli nyekundu za damu ili vidake sumu ya bakteria, lazima aitaje. Ni asilimia ya panya walioishi baada ya kuchomwa sumu, na ni namba ya kweli kabisa, haijachakachuliwa popote, ila nikiona watu wanavyoitumia naona kuna kitu wanakiruka. Kwenye jaribio hilohilo, la mwaka 2013, kutoka University of California San Diego, kuna namba nyingine ya 44% imekaa pembeni yake kabisa, na kwangu mimi hiyo ndo ya kukaa nayo chini. Zote mbili zimetoka kwenye makundi ya panya tisa tisa. Kundi la kwanza walichomwa dawa dakika mbili kabla ya sumu, kundi la pili wakachomwa dakika mbili baada ya sumu. Dakika mbili tu jamani, hata chai haijapoa.

Sasa tuanze na adui mwenyewe. Staphylococcus aureus ni bakteria anayekaa puani na kwenye ngozi za watu kibao bila kuwasumbua, shida inaanza siku akipata njia ya kuingia ndani, kidonda cha upasuaji, mapafu ya mtu aliyewekewa mashine ya kupumulia, au moja kwa moja kwenye damu. Ile aina sugu, MRSA, ndo inayowaumiza vichwa madaktari kwa sababu antibayotiki nyingi za kawaida haisikii. Mojawapo ya silaha zake ni sumu inaitwa alfa, na jinsi inavyofanya kazi ni ya kutisha kwa urahisi wake: bakteria anaitoa kama vipande vya protini kimoja kimoja, vinaelea, vikikutana na seli vinatua juu ya utando wake, saba vinashikana kwa duara alafu lile duara linazama na kuacha tundu. Seli inavuja vitu vya ndani, maji yanaingia, inapasuka. Na hapa kuna kitu wengi hawakifikirii, vankomaisini, antibayotiki inayotumika sana kwa MRSA, inaweza kumuua bakteria lakini sumu ambayo imeshatoka na ipo kwenye damu haiigusi, ile inaendelea na kazi yake kama kawaida.

Njia ya zamani ya kupambana na sumu ni kutengeneza kizuizi chake maalum, kila sumu na dawa yake. Ndo maana antivenini za nyoka ni mtihani, ukiumwa na kifutu unahitaji antivenini inayokamata sumu ya kifutu, ya nyoka mwingine tofauti inaweza isikusaidie chochote. Kundi la Liangfang Zhang pale San Diego, huku Che-Ming Jack Hu akiwa jina la kwanza kwenye ile makala, wakaja na wazo la upande mwingine kabisa. Sumu zinazotoboa seli zina maumbo tofauti, ya Staphylococcus haifanani na streptolisini ya Streptococcus wala melitini ya sumu ya nyuki, ila zote lazima zitue kwenye utando wa seli ndo zifanye kazi. Kwa hiyo usihangaike na umbo la sumu, ipe utando wa kutua. Utando usio na seli ndani yake, usio na cha kupoteza.

Jinsi wanavyoitengeneza ndo kipande ninachokipenda kuliko vyote. Unachukua damu, unatenganisha seli nyekundu, unaziweka kwenye maji yenye chumvi kidogo sana mpaka zinavimba na kupasuka, hemoglobini yote inatoka na kinachobaki ni maganda matupu meupe meupe. Unayaosha, unayapiga mawimbi ya sauti, alafu unayasukuma yapite kwenye kichujio chenye matundu ya kama nanomita 100 yawe vimfuko vidogo vidogo. Pembeni umeshaandaa viini vya PLGA, plastiki ileile inayotumika kwenye nyuzi za kushonea zinazoyeyuka zenyewe mwilini. Unachanganya viini na vimfuko, unasukuma tena pamoja kwenye kichujio, na kile kimfuko kinakivaa kiini. Unapata kitu cha kama nanomita 85, na ganda la seli moja nyekundu linatosha kuvisha maelfu ya viini. Na kuna kautamu ka fizikia hapo: upande wa nje wa utando una sukari zenye chaji hasi, kiini cha PLGA nacho kina chaji hasi, kwa hiyo vinasukumana na utando unakaa vizuri, nje ikiwa nje na ndani ikiwa ndani. Hakuna aliyekaa kuupanga.

Kwanini utando wa seli nyekundu na sio mafuta yoyote tu? Kwa sababu mwili unachunga sana kinachozunguka kwenye damu, chembe yoyote ngeni inadakwa na makrofeji, zile seli za kinga zinazomeza vitu vigeni, za ini na wengu fasta. Seli nyekundu inazunguka karibu miezi minne bila kusumbuliwa kwa sababu imevaa protini kama CD47 zinazozuia makrofeji kuimeza, ni kama mtu aliyevaa sare ya kiwanda anayepita getini bila kuulizwa kitambulisho. Hiyo sare walishaijaribu miaka miwili kabla, 2011, kwenye panya. Chembe zilizovaa utando wa seli nyekundu zilikuwa na nusu-uhai, yaani muda wa kubaki nusu yake, wa masaa kama 40 kwenye damu, wakati zile zilizopakwa PEG, ambayo ndo koti la kawaida kwenye dawa za nano, zilikuwa na kama masaa 16. Baada ya siku mbili zile za utando zilikuwa zimebaki 16%, za PEG 2%. Hapo wazo la mwanzo lilikuwa la kubebea dawa, sponji limekuja baadae, na ukitazama vizuri ni mabadiliko ya akili zaidi kuliko ya maabara: koti lililokuwa la kujificha likageuzwa kuwa ndo dawa yenyewe.

Haya, jaribio lenyewe.

Walichukua panya wakawachoma sumu alfa kwenye mshipa wa mkia, maikrogramu 75 kwa kilo ya uzito, dozi ya kuua. Ambao hawakupewa kitu walikufa wote, na walikufa haraka, sio wa kukonda siku kadhaa. Kisha kuna makundi yaliyopewa vitu mbalimbali, miligramu 80 kwa kilo, dakika mbili kabla au dakika mbili baada. Chembe za PLGA zenye koti la PEG, hazikusaidia. Vimfuko vitupu vya utando, yaani sare bila mtu ndani, navyo havikusaidia! Hapa ningeomba usipite haraka, kwa sababu kama wazo ni kuipa sumu utando wa kutua, vimfuko vitupu si ni utando pia? Sumu ilitua huko, ndio. Ila kimfuko kisicho na kiini ni laini, kikikutana na seli hai kinaungana nayo, na kwenye picha za hadubini ilionekana tofauti hiyo, nanosponji zilimezwa na seli zikakaa ndani kwenye vijifuko vyake lakini vimfuko vitupu vikajichanganya na utando wa seli. Maana yake vimeichukua sumu vikaipeleka mlangoni kwa mwenye nyumba. Kiini kigumu cha plastiki ambacho watu wanakichukulia kama kijazio tu, ndo kinachoifanya sponji ibaki na mzigo wake.

Na mzigo unaishia wapi? Kwenye ini. Swali la haraka ni kwamba si utakuwa umeliangamiza ini, wakaliangalia siku ya 3 na siku ya 7, hawakuona uharibifu wa tishu.

Matokeo: waliopewa nanosponji kabla, 8 kati ya 9 wakaishi. Waliopewa baada, 4 kati ya 9. Hizo ndo 89% na 44% zetu, na sasa unaona kwanini asilimia zinadanganya macho, panya mmoja hapo ana thamani ya asilimia 11. Panya mmoja angekuwa na siku mbaya tungekuwa tunaongelea 78 au 33. Nimepiga ile hesabu ya kawaida ya kulinganisha makundi madogo, na hata kama muda wa kuchoma dawa usingekuwa na maana yoyote, tofauti kubwa kiasi hicho ingeweza kujitokeza kwa bahati kama mara 13 kwenye kila 100. Kwa hiyo kiukweli hata mimi ninayeshikilia 44 siwezi kuapa kwamba kabla na baada zimepishana kiasi hichohicho. Ninachoweza kusema ni kwamba mgonjwa wa kweli yuko upande wa baada. Hakuna mtu anafika hospitali dakika mbili kabla ya kuugua, mtu anafika siku ya pili au ya tatu ya homa, ameshameza panadol, ameshapita duka la dawa, mpaka wodini wanachukua damu na kuotesha vipimo siku nyingine zimekatika. Katika hilo jaribio lote, kundi pekee linalomfanana hata kidogo ni lile la 4 kati ya 9, na lenyewe limecheleweshwa dakika mbili.

Ila sitaki kuikandamiza sponji upande mmoja tu. Panya wa 2013 hakuwa na maambukizi, alikuwa na sumu tupu iliyosafishwa na kumiminwa yote mara moja kwenye mshipa. Kwenye maambukizi ya kweli bakteria wanaitoa kidogo kidogo, saa baada ya saa, kwa hiyo kitu chenye nusu-uhai wa masaa 40 kwenye panya kinaweza kuwa kinaidaka inavyotoka, na "baada" ya mgonjwa ikawa ni "kabla" ya sumu ya kesho. Hiyo hoja ina nguvu na naikubali. Lakini ina upande wa pili, bakteria anayezalisha kila siku anaweza kuijaza sponji ikashiba, sponji iliyoshiba haifuti kitu, na hakuna namna ya kuikamua ukiwa kitandani. Dozi inakuwa swali. Ukichukua zile miligramu 80 kwa kilo kavukavu mtu wa kilo 70 anahitaji gramu 5.6, ambayo ni vichekesho, ila dozi za panya hazihamishwi hivyo, kwa kipimo kinachotumika sana unagawanya kwa kama 12 na unabaki na miligramu 450 hivi kwa dozi moja. Inawezekana. Rahisi sio.

Kuna kisa kingine nakiweka hapa kwa sababu kinagusa sumu hiihii kwa binadamu hai. Suvratoxumab ni kingamwili ya kutengenezwa inayoikamata sumu alfa peke yake, na waliijaribu kwa wagonjwa wa ICU Ulaya ambao walikuwa kwenye mashine ya kupumulia na tayari wana Staphylococcus kwenye njia ya hewa ila hawajapata nimonia bado. Yaani hawa ni wale wa "kabla", wamechaguliwa makusudi. Matokeo yaliyotoka 2021: nimonia ya Staphylococcus iliwapata 26% kwenye kundi la dawa bandia isiyo na kitu ndani na 18% kwenye kundi la dozi kubwa, na takwimu zikasema tofauti hiyo haitoshi kujivunia. Watu wa nanosponji wakiona hivyo wanasema ndo maana sisi hatukamati sumu moja, bakteria huyu ana sumu nyingi za kutoboa, ukifunga mlango mmoja anatumia mwingine, na utando unazikamata nyingi kwa pamoja. Nadhani wako sahihi kimantiki. Ila pia inatukumbusha kwamba hata hiyo "kabla" inayomfanya panya aishi 8 kwa 9, kwa binadamu mwenye magonjwa mengine matano inayeyuka mpaka ikawa 26 kwa 18.

Na kuna dokezo moja la kibaiolojia ambalo silioni likitajwa sana kwenye habari za kusifia. Seli nyekundu za wanyama tofauti hazipasuki sawa kwa sumu alfa, za sungura zinapasuka kirahisi mno, za binadamu ni sugu zaidi sana. Sasa kama seli ya binadamu haikamatwi kirahisi na sumu hii, utando wake utakuwa chambo kizuri kiasi gani kwa sumu hiyohiyo? Ni kitu cha kupimwa kwa damu ya binadamu, sio kubebwa na matokeo ya panya.

Baada ya jaribio hilo lile kundi halikulala. Mwaka huohuo wa 2013 walichukua sponji ikiwa imeshakamata sumu wakaitumia kama chanjo, kwa sababu sumu iliyoshikwa kwenye utando haina madhara lakini umbo lake bado ni lilelile na kinga ya mwili inajifunza kulitambua, na ikafanya vizuri kuliko sumu iliyopikwa kwa joto mpaka ikapoteza umbo. Mimi hii naiona ndo matumizi ya akili zaidi ya ile 89, kama kitu kinafanya kazi kabla basi kipe kazi ya kabla. 2015 wakavisha chembe utando wa chembe sahani, zile za kugandisha damu, zenyewe zina tabia ya kunata kwenye mishipa iliyoumia na MRSA nao wananata kwenye chembe sahani, kwa hiyo ukiweka vankomaisini ndani dawa inaenda mpaka alipo bakteria. 2017 wakatumia utando wa makrofeji kwenye sepsis, yaani maambukizi yaliyolemea mwili mzima, ya bakteria E. coli, panya wanne kati ya kumi wakaishi wakati wasiotibiwa walikufa wote. Unaiona hiyo 40%? Iko jirani kabisa na 44 yetu. 2020 korona ilipokuja wakavisha utando wa seli za mapafu na wa makrofeji, kwenye vyombo vya maabara kule Boston virusi wakazuiwa karibu 90%, ila hayo ni ya kwenye chombo, hakuna pafu linalopumua hapo.

Kampuni nayo ipo, Cellics Therapeutics, ilianzishwa 2014, na dawa yao ya mbele ya seli nyekundu waliipa jina CTI-005, mwaka 2019 CARB-X, mfuko unaofadhili dawa dhidi ya bakteria sugu, wakatangaza kuwafadhili kwa kiasi kinachoweza kufika dola milioni 15 hivi. Kwa mtu wa kawaida ni hela ndefu, kwa safari ya dawa mpaka kwa binadamu ni nauli ya kituo cha kwanza.

Kinachokwamisha, ukiniuliza mimi, ni kiwanda. Dawa ya kemikali unaipima mpaka atomu ya mwisho, vidonge milioni vinafanana. Hapa malighafi ni damu ya watu, kila mtu na damu yake, kundi A, B, Rh, umri, alichokula jana, kwa hiyo unaanza kutafuta kundi O, unapima UKIMWI na homa ya ini B na C, na bado utando wa leo na wa mwezi ujao lazima uthibitishe kwamba zina protini zilezile kwa kiasi kilekile. Huwezi kuipitisha kwenye mvuke kama mikasi ya upasuaji, utando utaharibika. Na vile vimfuko vitupu ambavyo havikuvaa kiini? Tumeshaona havimsaidii panya yeyote, kwa hiyo kila chupa lazima ujue ni asilimia ngapi zimevaa kweli na ngapi ni sare tupu, kipimo hicho mezani kwa mwanafunzi ni kazi ya mchana mmoja, kiwandani ni kila bechi.

Chanzo cha damu chenyewe kina utani wake kwa huku kwetu. Kwa wenzetu watu wanapiga hesabu ya kutumia damu iliyopita muda wake, maana seli nyekundu zilizopakiwa vizuri kwenye friji zinatumika mpaka siku 42 tu, na kwa kazi hii huhitaji seli hai, unahitaji ganda. Wazo zuri sana. Sasa lilete kwenye hospitali ambayo mgonjwa akiandikiwa damu ndugu wanaambiwa walete watu wawili watatu wachangie ndo chupa itoke, uniambie hiyo iliyopita muda itapatikana lini. Kwa mazingira hayo ningewekeza macho zaidi kwa wanaojaribu kuotesha seli zenyewe kwenye matangi kisha kuvuna utando, japo bei yake nayo sio ya kuchekea.

Kwa hiyo nikiletewa makala mpya ya nanosponji kesho, sitafuti asilimia. Nafungua sehemu ya njia za utafiti naangalia mambo machache: mnyama alikuwa na maambukizi au alimiminiwa sumu, dawa imeingia masaa mangapi baada ya dalili, vankomaisini ilikuwepo kwa makundi yote mawili kama inavyokuwa wodini, na utando ulikuwa wa nani. Panya mwenye nimonia ya MRSA ya masaa 12, anayetibiwa na antibayotiki pande zote mbili, sponji ya damu ya binadamu upande mmoja tu, kundi la panya 30 sio 9. Hapo hata ikitoka 44 tena nitaichukua kwa mikono miwili.